Milimita Tatu za Ziwa Tanganyika

Nguo ile ilitoka kwenye belo la makoti. Ulikuwa mwezi wa saba, soko la Kasulu, na muuzaji aliyeikung'uta hakujua aiiteje: nyeusi, nzito, suruali na shati vimeungana, zipu ndefu mgongoni. Mmoja alisema ni ya mashindano ya pikipiki, mwingine akasema ni ya watu wa sarakasi. Dereva wa bodaboda wa njia ya Kitanga, ambaye kabla ya jua kuchomoza huwa ameshapandisha vilima na walimu na magunia ya maharage, aliivaa juu ya fulana, akajipiga kifua na kusema, "Baridi ikinipata humu, uniite mbwa." Akalipa.

Kabla hajaondoka nilimwomba niiminye kidogo. Ndani ya shingo palikuwa na namba 5/4, maana yake milimita tano kwenye kiwiliwili na nne kwenye mikono na miguu. Ilikuwa suti ya kuzamia, tena ya bahari za baridi, na sijui ilipita njia gani hadi kutua huku kwetu Buha. Sikumkataza. Kwa kazi yake ya alfajiri hakukosea sana, na baadaye alinifundisha jambo kuhusu suti hiyo ambalo ningepaswa kulijua mwenyewe.

Sisi watu wa huku juu tunapoteremka Kigoma tunaliona ziwa kama karai la maji ya vuguvugu. Mtu ametoka Kitanga na sweta, anafika ufukweni anavua kila kitu, anaingia majini na kuapa kwamba humo hakuna baridi. Ana haki. Juu ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kigoma, maji huwa kati ya nyuzi 25 na 27 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ndiyo maana swali linalonijia mara nyingi ni hili: suti ya nini? (Swali lingine huja nikisema mimi ni mzamiaji: umezamia Afrika Kusini au Ulaya? Lugha yetu imewapa wanaojificha melini na wanaoshuka na mitungi jina moja, na wa kwanza ndio wanaojulikana zaidi.)

Jibu linaanzia kwenye ngozi. Maji huchukua joto la mwili zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Mtu aliyekaa bila kujisogeza majini hapotezi joto zaidi ya analozalisha pale tu maji yanapokaribia nyuzi 33 mpaka 35. Kwa hiyo maji ya nyuzi 26, yanayompendeza muogaji kwa dakika kumi, yanamnyonya taratibu yule aliyekaa humo saa nzima. Hatetemeki mwanzoni. Anaanza kwa kuchoka, anavuta hewa zaidi kutoka kwenye mtungi, vidole vinakuwa vizito, anasoma kipimo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuelewa alichokiona. Akitoka anasema amechoka tu. Siku ya tatu ya kuzamia mara mbili kwa siku, uchovu huo umeshakuwa ndani yake kabla hajagusa maji.

Nani anakaa saa nzima? Mtalii hakai, kwa kawaida. Anayekaa ni mtu wa kazi, na hapa ziwa letu lina mfano mzuri kuliko fukwe zote za Unguja. Kati ya 1995 na 2000, nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilishirikiana katika mradi wa kulinda bioanuwai ya Tanganyika, kwa fedha za Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Sehemu ya kazi ilikuwa kufundisha timu za wazamiaji kutoka taasisi za nchi hizo zenyewe, kisha kuzishusha miambani zihesabu samaki na konokono. Ziwa lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, nyingi hazipatikani popote pengine duniani, na wengi wao huishi kwenye mawe ambako nyavu hazifanyi kazi. Lazima mtu ashuke akaangalie. Penye mamba hawakushuka. Huko walitumia nyavu. Hakuna unene wa mpira unaozuia meno ya mamba, na mzamiaji anayejisikia salama kwa sababu amevaa suti nyeusi nene ajiulize mamba anaona nini.

Njia mojawapo ya kuhesabu ni kukaa mahali pamoja. Mzamiaji anatua, anasubiri samaki wamzoee, anahesabu wanaopita ndani ya duara alilojiwekea, anaandika kwenye kibao cha plastiki kwa penseli. Ukimwogopesha samaki kwa kupiga mapezi, hesabu imeharibika. Kazi nzima ni kutulia, na mwili uliotulia ni jiko lililopunguzwa moto.

Tufanye hesabu, ya makadirio lakini yenye kutosha kuamulia. Suti ndefu inafunika ngozi ya mtu mzima kama mita moja na nusu ya mraba. Tuseme ngozi iliyo chini yake ina nyuzi 31 na maji yana 25 na nusu. Povu la neopreni hupitisha joto kama sehemu moja ya kumi na mbili ya vile maji yanavyopitisha. Kwa suti ya milimita tatu, joto linalotoka ni wati 140 hivi unapoelea juu. Shuka mita 20: povu limebanwa, limepoteza kama asilimia 40 ya unene, milimita tatu zimebaki 1.8, na joto linalotoka linapanda hadi wati 230. Mwili uliotulia huzalisha kama wati 100. Anayepiga mapezi polepole huzalisha 300 au zaidi.

Yaani watu wawili wamevaa suti moja, wamo kwenye maji yaleyale, kina kilekile. Mmoja anaogelea kando ya mwamba akitazama samaki, na hesabu yake ya joto iko sawa au ina ziada. Mwenzake amepiga magoti na kibao mkononi, anatoa wati 230 na kuzalisha 100. Mwili utajitetea kwa kubana mishipa ya ngozi, ngozi itapoa na upotevu utapungua, lakini deni lipo na halisameheki. Huyu wa pili akivaa milimita tano, juu anapoteza wati 80 tu, na kwenye mita 20 anapoteza 140, kiasi kilekile cha milimita tatu zikiwa hazijabanwa. Kwake tano ni uamuzi wa busara, na kwa yule wa kwanza ni mzigo. Jedwali la dukani linalosema "nyuzi 24 hadi 28, vaa tatu" linawatazama wote wawili kama mtu mmoja, na ndiyo maana siliamini zaidi ya hatua ya kwanza.

Mara nyingi huwa nasikia kwamba suti hupasha joto kwa sababu maji yaliyoingia ndani "yanageuka blanketi". Si kweli, na kosa hili linawafanya watu wanunue vibaya. Mwaka 1951 mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mmoja wa waliofanya kazi Los Alamos wakati wa kutengeneza bomu la atomiki, alikuwa akiwatafutia wazamiaji wa jeshi nguo bora. Nguo za wakati ule zilikuwa za mpira mkavu: zikitoboka kidogo, maji yanaingia na mtu anaganda. Bradner aliona kwamba si lazima mtu awe mkavu. Kinachozuia joto ni gesi iliyofungwa kwenye vijitundu vya povu. Kama gesi hiyo iko ndani ya nguo yenyewe, maji machache yanaweza kukaa kati ya nguo na ngozi bila madhara, mradi hayatembei. Neopreni, mpira wa viwandani uliokuwapo tangu miaka ya 1930, ilikuwa tayari ikitengenezwa kwa povu.

Mradi hayatembei. Maneno hayo mawili yana thamani kuliko milimita zote. Suti ya tano inayokupwaya mgongoni ina mfuko wa maji pale juu ya kiuno; kila ukiinua mkono mfuko unakamuliwa, maji ya moto yanatoka shingoni, ya baridi yanaingia. Unapasha ziwa. Suti ya tatu iliyoshika mwili kila mahali inaipita hiyo ya tano bila ubishi. Jaribio ni rahisi. Vaa, funga zipu, inama kidogo kama mtu anayechota maji kisimani, mwambie mwenzako ajaribu kushika mpira ulioko juu ya kiuno. Akipata wa kujaza kiganja, vua na urudishe. Kwapani nako pasiwe na hewa. Shingoni pabane mpaka ujisikie kama umevaa tai ya harusi ya mtu mwingine, lakini upumue na umeze mate bila shida. Pakibana zaidi ya hapo kichwa kitakuuma, na mwingine anaweza hata kuzimia.

Mishono ni jambo la haraka. Mshono wa bapa hutobolewa na sindano hadi ndani, maji hupenya kidogo kidogo. Kwa maji yetu unatosha. Ule uliogundishwa kwanza kisha ukashonwa bila sindano kutokeza upande wa pili ni bora, na bei yake inajitangaza yenyewe. Zipu za vifundo vya miguu sizipendi.

Sasa yale ambayo mtu wa pwani hatakwambia, kwa sababu kwake hayapo.

Kwanza, ziwa halina shimo la baridi. Baharini na kwenye maziwa mengi ya nchi za baridi unaweza kushuka mita 15 ukakutana na tabaka lililopoa ghafla, kana kwamba mtu amefungua friji. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470 na huko chini kabisa maji yana nyuzi 23 na kidogo. Kutoka juu hadi kwenye giza lisilo na oksijeni, tofauti yote ni nyuzi tatu au nne. Mzamiaji wa kawaida, asiyepita mita 30, hukutana na sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo. Kwa hiyo kinachobadilisha suti yako humu ni kubanwa kwa povu na muda utakaokaa, si baridi ya kina. Pwani hesabu ni nyingine: mwisho wa kaskazi, mwezi wa pili na wa tatu, maji ya Pemba na Mafia hufika nyuzi 29 au zaidi na suti fupi inatosha, hata ya kitambaa chembamba cha kukinga jua na yavuyavu; wakati wa kusi hushuka hadi 25 hivi na wale wa suti fupi wanaanza kuazima.

Pili, maji hayana chumvi. Mzamiaji aliye na mitungi na kila kitu, akiwa na uzito wa kilo 90, baharini hubebwa zaidi kwa karibu kilo mbili na nusu kuliko ziwani. Anayetoka Unguja akaja Kigoma na mkanda wake wa risasi bila kupunguza, anazama kama jiwe la chokaa. (Risasi ni ya uzito, si ya bunduki. Kwenye kizuizi cha barabarani ieleze mapema.) Na hapa unene wa suti unarudi tena. Suti ndefu ya tano ina povu la lita saba hivi. Kwenye mita 20 lita tatu kati ya hizo zimepotea kwa kubanwa, na kilo tatu za kuelea zimeondoka nazo. Utazifidia kwa kujaza hewa kwenye jaketi la kuelea, na ukipanda hewa hiyo na povu vyote vinapanuka pamoja. Kwa tatu upotevu haufiki kilo mbili. Mzamiaji mgeni anayevaa nene "kwa usalama" amejiongezea kazi ngumu kuliko zote, kukaa kwenye kina kimoja bila kupanda wala kushuka.

Tatu ni kichocho, na hapa nataka kuwa mwangalifu. Kwenye fukwe zenye majani, maji yaliyotulia na konokono, vijidudu vya kichocho huogelea vikitafuta ngozi, na vikiipata hupenya. Suti ndefu inafunika ngozi nyingi, ndiyo. Lakini maji huingia ndani ya suti, na mikono, uso na mara nyingi miguu iko wazi. Inapunguza hatari tu, si kinga. Ingia ziwani kutoka kwenye mtumbwi, juu ya mawe, penye kina, badala ya kutembea kwenye matope na vifaa vyako begani. Kisha baada ya wiki kadhaa nenda ukapime, na kama unacho umeze vidonge vilevile ambavyo watoto hupewa shuleni. Kati ya sababu zote za kuvaa suti ya miguu na mikono mirefu katika ziwa hili, mimi naipa hii uzito kuliko mikwaruzo ya mawe.

Nne, urefu. Uso wa ziwa uko mita 773 hivi juu ya bahari. Kanieneo ya hewa pale ni pungufu kwa karibu asilimia tisa, na majedwali ya kuzamia huhesabu sehemu yoyote iliyo juu ya mita 300 kuwa ya mwinuko. Kompyuta ya kuzamia ya mkononi iwekwe kwenye maji yasiyo na chumvi na kwenye mwinuko huo. Tatizo kubwa liko barabarani. Ukitoka majini mchana ukapanda basi la Kasulu, jioni umeshapanda zaidi ya mita 400 nyingine, na ukiendelea Kitanga umepanda zaidi. Naitrojeni iliyoyeyuka mwilini ukiwa majini haitofautishi basi na ndege. Kanuni wanayopewa wanaosafiri kwa ndege ni saa 12 baada ya mzamio mmoja, saa 18 baada ya mizamio ya siku kadhaa. Mimi naitumia kwa barabara ya Kasulu. Nalala Kigoma. Wenzangu wanasema napenda samaki wa Ujiji tu, nami sikatai.

Na baridi inaingia hapa pia. Mwaka 2007 kitengo cha majaribio ya uzamiaji cha Jeshi la Wanamaji la Marekani kilitoa matokeo yaliyowashtua wengi: waliopata joto wakiwa chini kisha wakapoa wakati wa kupanda walipata ugonjwa ule wa naitrojeni, unaompata mzamiaji anayepanda haraka, mara nyingi zaidi kuliko waliofanyiwa kinyume chake. Mwili wenye joto una damu nyingi karibu na ngozi na misuli, unameza naitrojeni vizuri. Ukipoa, mishipa inabanwa na naitrojeni inakosa njia ya kutoka. Majaribio yao yalikuwa ya vipindi virefu na tofauti kubwa za joto kuliko zetu, lakini tazama umbo la siku ya mzamiaji aliyevaa suti nyembamba mno ziwani: anashuka amepata jua la mchana mtumbwini, ana joto, anafanya kazi, dakika ya 50 anapanda akiwa amepoa, na kusimama kwake kwa usalama kwenye mita tano ndicho kipindi ambacho baridi imeshamkaza. Ni mpangilio uleule mbaya. Ndiyo maana, anapochagua kati ya tatu na tano, anayefanya mizamio miwili ya saa moja kwa siku simshauri ashindane na jirani yake aliyevaa suti fupi.

Uamuzi wangu, basi: suti ndefu ya tatu kwa anayeogelea, fulana ya milimita mbili yenye kofia ya kuvaa ndani kwa mzamio wa pili, na tano kwa anayehesabu samaki. Fulana hiyo ndiyo pesa bora niliyowahi kutumia. Inaongeza unene pale panapohitajika, kifuani na shingoni, inaziba shingo, na haifanyi mikono kuwa mizito.

Ya mitumba? Nunua, ukijua kuiminya. Povu zima linarudi mara moja baada ya kidole kuondoka. Lililokufa linabaki na kishimo, au ukilishika ni kama kanda ya mpira wa ndani wa tairi: vijitundu vimepasuka, gesi imetoka, milimita tano za shingoni ni jina tu. Kunja goti la suti uangalie mipasuko midogo. Jua na ozoni huanzia hapo. Suti ya dereva wangu wa Kitanga ilirudi vizuri kifuani, ikabaki na kishimo magotini. Nilimwambia. Akasema magoti yake hayapigwi na upepo, yako nyuma ya tangi.

Nilimkuta tena mwezi wa nane, kituoni. Nikamuuliza baridi vipi. Akasema ikiwa kavu, suti ni jiko, anafungua zipu hadi katikati. Ikinyesha, au umande mzito wa alfajiri ukiilowesha kwa nje, na upepo ukaikuta, inakuwa mbaya kuliko koti la kawaida. Kwa hiyo sasa huvaa koti la mvua juu yake.

Nilijisikia mjinga kidogo. Kitambaa cha nailoni cha nje hukaa na maji, upepo unayakausha, na kila tone linalokauka linaondoka na joto. Ndicho kinachonipata kila siku kwenye mtumbwi wa mashine kutoka miambani hadi Kigoma wakati kusi inavuma: nimetoka majini mzima, nafika gatini nikitetemeka, na nilikuwa nikililaumu ziwa. Tangu hapo nabeba koti la mvua la bodaboda kwenye mfuko usioingiza maji. Nalivaa juu ya suti dakika ileile ninapopanda mtumbwini.

Suti yake haikuwa tena na mikono. Ilimchosha kiwiko kwenye kushika mafuta, akaikata begani kwa kisu cha kuchunia ng'ombe. Vile vipande viwili alivishona pamoja akaviweka chini ya kitambaa cha kiti cha nyuma, na abiria wa Kitanga wanasema pikipiki yake ndiyo laini kuliko zote za njia ile.